Karamu ya Viatu, Moshi na Kamba

Hapo zamani, wakati watu walipokuwa bado wakiamini kwamba jambo likishahesabiwa limekwisha tengenea, palikuwa na mji ukiitwa Shakombe, na mtawala wake alikuwa Sultani Zahrani. Alikuwa mtu mnene mwenye haiba, ndevu zake zimepakwa hina, naye alizipenda mno habari njema. Habari mbaya zilimtia kiungulia. Basi watu wa kasri, kwa huruma tu, wakazoea kumfichia, na Sultani akaishi miaka mingi tumbo lake likiwa salama na kichwa chake hakijui lolote.

Aliyemfichia zaidi kuliko wote ni waziri wake, Mansabu, ambaye kazi yake ilikuwa kumpelekea hesabu za mji kila Ijumaa: raia wangapi ni wazima, riziki ikoje, na maji yakoje. Sasa watu wa Shakombe walikuwa na mwiko wao, nao ni kwamba mwanadamu hahesabiwi. Ukimnyooshea mtu kidole ukasema huyu wa kwanza, huyu wa pili, umemwitia mkosi, hata mama ukimuuliza ana watoto wangapi hujibu, "Wapo, Mungu akipenda." Kwa hiyo hesabu ilibidi ipitie mlango wa nyuma. Waziri Mansabu hakuwa mjinga, ila alikuwa mvivu wa kuingia nyumba za watu, basi akabuni njia za kuhesabu bila ya kumtazama mtu usoni.

Afya aliihesabu kwa viatu. Kila nyumba ya Shakombe huacha viatu mlangoni, basi makarani wakapita adhuhuri, wakahesabu makubadhi yaliyopo nje, na kila jozi ikaandikwa mtu mmoja mzima. Riziki aliihesabu kwa moshi: karani alipanda juu ya paa la kasri akatazama mji, na palipofuka moshi akaandika kwamba hapo panapikwa. Maji aliyahesabu kwa kamba. Karani wa ghala alipima ni pima ngapi za kamba zimetolewa kwa ajili ya visima, kwani nani achukuaye kamba ya kisima ila mwenye maji ya kuchota? Njia hizi si mbaya mtu akizitazama kwa haraka, na Sultani alizitazama kwa haraka.

Basi ukaingia mwaka wa maradhi. Ilizuka homa watu wakaiita Mtikiso, kwa kuwa ilimshika mtu na kumtetemesha hata matendegu ya kitanda yakagonga sakafu. Tabibu Burhani, mzee mwenye mikono myepesi na maneno mazito, akafungua Nyumba ya Tiba karibu na soko, akawachemshia watu magome machungu. Wengi wakapona na wengine wakatangulia mbele ya haki.

Na hapo ndipo hesabu za Waziri Mansabu zilipoanza kunawiri. Watu walipokuwa wazima, adhuhuri viatu vyao vilikuwa miguuni, viko sokoni na mashambani, na milangoni havikuonekana ila vichache. Walipougua, viatu vikabaki mlangoni mchana kutwa. Jamaa zao wakachoma mikeka na magodoro ya wagonjwa, moshi ukafuka katika kila ua. Mvua nayo ikagoma, maji yakashuka chini visimani, watu wakamiminika ghalani kuomba kamba za kuungia. Na yule aliyekufa, nani angekuwa na moyo wa kuondoa viatu vyake mlangoni? Vikakaa palepale, na karani akavihesabu pamoja na vingine.

Ijumaa ikafika, Waziri akasimama mbele ya kiti cha enzi huku anang'aa uso. "Maulana," akasema, "tangu babu zako kushika nchi hii haijapata kuonekana neema kama hii. Watu wazima wamezidi maradufu. Riziki imefurika, moshi wa vyungu umeufunika hata mnara wa msikiti. Na kamba, Maulana! Ghala limebaki tupu kwa wingi wa maji."

Sultani akafurahi, akaita kwa sauti kuu, "Maradhi yamekwisha! Nyumba ya Tiba na ifungwe kwa kukosa wagonjwa! Na yeyote atakayesema kwamba Shakombe kuna mgonjwa, au kuna njaa, au kuna kiu, atapakwa masizi usoni, apandishwe punda kinyumenyume na azungushwe mji mzima, awe nani awe nani!" Hayo maneno ya mwisho aliyaongeza kwa sababu yalisikika vizuri.

Yakatangazwa papo hapo. Kwani Sultani alikuwa na mpiga mbiu wake, jina lake Pandu, aliyemfuata kila aendako akiwa na baragumu, na desturi ya nchi ilikuwa kwamba neno lolote litokalo kinywani mwa Sultani kwa sauti kubwa, Pandu alitangaze hapo hapo kama lilivyo. Pandu alikuwa mtu mwaminifu sana, na akili yake aliiacha kwa mkewe kila atokapo nyumbani. Kuna siku Sultani alifoka, "Nani amekalia kofia yangu?" na mji mzima ukaulizwa hadi magharibi.

Ikawa Nyumba ya Tiba imefungwa, na Tabibu Burhani akahamishiwa kasri, akapewa kazi ya kuwatibu tausi wa Sultani walionyonyoka manyoya.

Katika mji huo aliishi mtu fukara, jina lake Ngwali, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kualikwa. Hakuwa na shamba wala duka, lakini ulimi wake ulikuwa mwepesi na watu walipenda kucheka, basi harusi haikwenda bila Ngwali, wala Ngwali hakwenda nyumbani bila ya sinia lililofunikwa. Sinia hilo alimpelekea mkewe, Mize, na Mize ndiye aliyekuwa mtu pekee mjini ambaye hakucheka mizaha ya Ngwali ila akiwa amegeuka, mumewe asimuone. Watu walimdhania Ngwali ni mpumbavu. Yeye mwenyewe hakubisha, maana mpumbavu haombwi ushauri wala haulizwi kodi.

Basi Mtikiso ukamshika Mize. Akalala siku ya kwanza akisema ni uchovu tu, akalala ya pili akisema ni jua, na ya tatu hakusema neno. Ngwali akajaribu mzaha mmoja baada ya mwingine, naye Mize hakugeuka. Hapo Ngwali akaogopa, akaogopa hasa, akavaa kanzu yake yenye viraka akaenda kasri moja kwa moja.

Akamkuta Sultani barazani, Waziri Mansabu yupo kando yake, na kwa mbali Tabibu Burhani amechuchumaa anampaka tausi mafuta mgongoni. Ngwali akainama, akasema, "Sabalkheri, Maulana. Nimekuja kukuazima yule tabibu."

"Wa nini?" akauliza Sultani. "Maradhi yamekwisha. Au unataka kusema kuna mgonjwa?" Waziri akatabasamu, maana alikwisha kumuona Ngwali juu ya punda.

"Hasha, Maulana! Mgonjwa atoke wapi? Mke wangu ni mzima. Viatu vyake vipo mlangoni tangu Jumatatu, havijaondoka hata kidogo."

"Basi huyo ni mzima sana."

"Kupita kiasi, Maulana. Afya imemzidi. Imemlaza kitandani, inamtetemesha, na tangu jana hata uji haushuki kwa wingi wa afya. Mimi ni mtu masikini, afya nyingi namna hii siiwezi. Namtaka tabibu aje anipunguzie kidogo tu, kiasi mke wangu aweze kusimama."

Watumishi wakaziba midomo kwa mikono. Sultani akakunja uso, kwani alihisi amechomwa mwiba na hakuuona ulipo. Waziri Mansabu akamwinamia sikioni akanong'ona, "Maulana, huyu anaifanyia dhihaka hesabu yako. Mtaa wake ndio ulioongoza Ijumaa iliyopita kwa moshi. Mtu wa mtaa kama ule hukosa nini?"

Sultani akafikiri, akaona njia ya kumnasa. "Ewe Ngwali," akasema, "hesabu yangu yasema mtaa wako una neema kuliko mitaa yote. Nami naiamini. Basi kesho, baada ya sala ya adhuhuri, nitakuja kula kwako mimi na Waziri wangu. Utatupa chakula cha mfalme, na maji baridi, na watu wa kunipokea kwa heshima. Ukifanya hayo, mchukue tabibu. Ukisema huna, umeikadhibisha mbiu. Utapanda punda, kisha utatoka katika mji huu peke yako, na mkeo abaki."

Hukumu ikawa ndiyo hiyo, na haikuwa na upenyo. Kumlisha mfalme hakuna kitu nyumbani, na kusema hakuna ni kosa. Ngwali akatazama kule kwa Tabibu Burhani, na tabibu akamtazama yeye, macho yamejaa huzuni na ndevu zimejaa manyoya ya tausi. Kisha Ngwali akainama akasema, "Karibu sana, Maulana. Utakula kwa hesabu yako."

Akarudi nyumbani, akamlowesha Mize kitambaa cha paji la uso, akamwambia, "Mke wangu, kesho tuna wageni." Mize akafungua jicho moja. "Umewaalika na nini, mwana wa watu?" akauliza kwa sauti ndogo, na ndipo Ngwali alipojua kwamba mkewe bado yupo, akatoka nje akalia ukutani, kisha akapangusa uso akaenda kwa majirani.

Siku ya pili Sultani akaja kama alivyosema, amevaa joho la zari, Waziri nyuma yake, na Pandu nyuma ya Waziri na baragumu lake. Akavua makubadhi yake ya nyuzi za dhahabu mlangoni, akaingia. Pandu akabaki kizingitini, ambapo ndipo mahali pake.

Ndani mikeka ilikuwa imetandikwa pande zote, na juu ya mikeka, mahali ambapo wageni hukaa, palipangwa viatu. Jozi kwa jozi, visigino ukutani, ncha zikimwelekea Sultani. Kulikuwa na makubadhi, mitalawanda na kandambili za ngozi zilizoshonwa upya mara nyingi. Mtu hakuwepo hata mmoja.

"Karibu, Maulana," akasema Ngwali. "Mtaa mzima umekuja kukupokea. Huyu hapa ni Mwalimu Faki wa chuoni. Huyu ni Fundi Jaku, seremala. Huyu ni Bi Tatu, muuza vitumbua, umsamehe hakuinuka, magoti yake. Wote ni wazima. Makarani waliwaandika Ijumaa."

Sultani akamtazama Waziri, na Waziri akatazama dari. Waziri angesema nini? Akisema hawa si watu, amesema makarani wake walihesabu ngozi. Basi akazigeukia zile kandambili akasema, "Masalkheri, Fundi Jaku." Fundi Jaku hakujibu.

Macho ya Sultani yakaangukia jozi moja katika kona, ndogo, zenye ukanda mwekundu. "Na huyu mdogo?"

"Huyo ni Mwanasha, mjukuu wa Bi Tatu," akasema Ngwali, na sauti yake ikapungua. "Huyo ndiye mzima kuliko wote, Maulana. Ni mzima tangu mwezi jana, na sasa hakuna tena kitu cha kumpunguzia." Sultani akafahamu nusu ya maneno, na ile nusu aliyoifahamu hakuipenda. Akaketi upesi.

Ngwali akaleta chungu kikubwa kilichofunikwa kawa, akakiweka katikati, akasema, "Bismillahi," akafunua. Ndani kulikuwa na makumbi ya nazi, mabichi, yamewashwa moto kwa chini na kunyunyizwa majimaji ya mferejini. Ukatoka moshi, Mungu wangu, moshi mnene wa manjano, ukapanda hadi kwenye boriti ukarudi chini na kumkumbatia Sultani shingoni.

"Hili ni pilau," akasema Ngwali, akikohoa kwa adabu. "Na huu unaokuja pembeni, wa kijivu, ni samaki wa kupaka. Kula, Maulana. Karani wako juu ya paa anakuona hivi sasa, na amekwisha kuandika kwamba umekula vizuri."

Sultani akamgeukia Waziri, machozi yanamtiririka. "Mansabu! Hiki ni chakula?"

Hapo Waziri Mansabu alipata dakika ngumu kuliko zote katika utumishi wake. Moshi ukiwa si chakula, hesabu yake ni uongo, na uongo huo ana nao miezi mingi. Moshi ukiwa chakula, basi na aule. Akatazama chungu, akamtazama bwana wake, kisha akakunja mkono wa kanzu, akachota moshi kwa vidole vitatu, akapeleka kinywani, akatafuna.

"Mtamu," akasema. "Chumvi kidogo tu."

"Ongeza, Waziri, ongeza," akasema Ngwali. "Twaa na mnofu." Na Waziri akatwaa mnofu.

Sultani akakohoa hata kilemba kikamkaa upande. Alikuwa hajala tangu alfajiri, maana alijiwekea nafasi ya karamu, na jua la Shakombe siku hiyo lilikuwa kali. "Maji," akasema. "Nipe maji, ewe mtu."

Ngwali akaingia uani akatoka na sinia juu ya bega, akalishusha mbele yake kwa mikono miwili. Juu ya sinia kulikuwa na kamba ya kisima, imekunjwa vizuri, mzunguko juu ya mzunguko. "Maji hayo, Maulana, pima ishirini na tano. Mwaka jana mtaa wetu ulikuwa na pima nane tu. Kunywa kwa nafasi, usije ukapaliwa."

"Mansabu," akasema Sultani polepole, "onja kwanza." Na Waziri, ambaye sasa alikuwa ameingia katika njia isiyokuwa na marejeo, akashika ncha ya kamba akaifyonza. "Baridi," akasema, na kipande cha katani kikamning'inia midevuni.

Papo hapo ikasikika sauti nyuma ya pazia, nayo ilikuwa sauti ya mti unaogonga sakafu, kukukuku, kukukuku, haikomi.

"Nini kile kinachogonga?" akauliza Sultani.

"Ni afya, Maulana," akasema Ngwali. Safari hii hakutabasamu.

Sultani akasimama, akalivuta pazia. Mize alikuwa amelala juu ya kitanda cha kamba, uso umekauka, midomo imepasuka, na kitanda kinatembea chini yake kwa kutetemeka. Sultani Zahrani alikuwa hajapata kumuona mgonjwa kwa karibu tangu siku mama yake alipofariki, na alikuwa mtoto wakati huo. Ubaya wake wote haukuwa ubaya wa moyo, ulikuwa ubaya wa kukaa mbali. Akainama akamwambia kwa upole, "Bibi, hujambo?"

Mize akafungua macho, akauona kilemba na joho. Yeye ni mwanamke wa Shakombe, amelelewa na watu, akajua mgeni huulizwa hali na hujibiwa hali. Akakusanya nguvu zake zilizobakia, akasema, meno yakigongana, "Sijambo, Maulana. Hatujambo sote. Karibu."

"Umesikia, Maulana!" akapiga kelele Waziri Mansabu, furaha imemrudia. "Mwenyewe amesema hajambo! Hesabu imethibiti!"

Basi hapo Sultani akapandwa na kitu ambacho hakikuwa kiungulia. Akageuka, macho mekundu, masizi yamemwenea kuanzia paji la uso hadi ndevuni, akanguruma hata kuku wakaruka uani: "Huna macho, Mansabu? Humu mna mgonjwa! Mnakufa watu humu! Na mimi nina njaa! Nina kiu! Moshi si chakula na kamba si maji, na viatu si watu!"

Na pale kizingitini, Pandu akasikia neno la Sultani kwa sauti kubwa. Akashika baragumu lake, akavuta pumzi, likalia mtaa mzima, kisha akatangaza kama alivyozoea, hakupunguza wala hakuzidisha: "Enyi watu wa Shakombe! Humu mna mgonjwa! Mnakufa watu humu! Na mimi nina njaa! Nina kiu! Moshi si chakula na kamba si maji, na viatu si watu!" Na kwa kuwa kila habari ya maradhi aliamriwa aifungie na ile amri, akaifungia: "Na yeyote asemaye hayo atapakwa masizi na kupandishwa punda kinyumenyume, awe nani awe nani!"

Akashusha baragumu, akachungulia ndani kwa heshima. "Maulana," akauliza, "aliyesema maneno hayo ni nani, nikamwite mwenye punda?"

Ngwali alikuwa ameketi kando ya mkewe, amemshika mkono, na kinywa chake kilikuwa safi. Tangu jana hakutamka mgonjwa wala njaa wala kiu. Waziri Mansabu alikuwa na kamba mdomoni. Nje madirisha yalianza kufunguka, moja baada ya jingine, na watu waliokuwa na miezi hawajasema neno la kweli ila kwa kunong'ona wakatoa vichwa wasikilize kama wamesikia sawasawa.

Bega la Sultani likatikisika, likatikisika tena, na wote wakadhani homa imempata, kumbe ni kicheko. Akacheka hadi akashika mwamba wa mlango. "Mlete punda, Pandu," akasema. "Masizi hayahitajiki, ninayo."

Akapandishwa punda, uso umeelekea mkia, joho la zari linaburura vumbini. Tangu azaliwe Sultani Zahrani alikuwa akipita mjini ametazama mbele, na mbele yake siku zote palikuwa pamefagiwa, watu wamepangwa, na wenye vidonda wamesukumwa uani hadi msafara upite. Leo alitazama nyuma. Akaona kile kinachotokea Sultani akishapita. Akaona milango ikifunguliwa na watu wakitoka kwa kutambaa ukutani. Alimuona mwanamke anashusha ndoo kisimani, anashusha, anashusha, na ndoo inapanda na tope. Akamuona Bi Tatu amekaa mbele ya nyumba yake bila kitumbua hata kimoja, amekunja mikono. Akapigiwa vigelegele na watoto, naye hakukasirika, lakini kabla ya punda kufika mtaa wa pili alikuwa amekwisha acha kucheka.

Akateremka mbele ya Nyumba ya Tiba. Ufunguo Waziri hakukumbuka alipouweka, basi Sultani akausukuma mlango kwa bega lake mwenyewe, na ukubwa wake kwa mara ya kwanza ukawafaa raia. Akatuma watu kasri waje na magunia ya mchele na mitungi ya maji na Tabibu Burhani, na tausi wakaachwa wanyonyoke kwa amani. Waziri Mansabu akapelekwa kisima cha mtaa wa Ngwali, akapewa ile kamba ya pima ishirini na tano, akaambiwa awachotee watu maji hadi atakapojua mwenyewe tofauti ya kamba na maji. Kwa upande wa riziki yake, akaahidiwa moshi asubuhi na jioni, ingawa Bi Tatu, kwa huruma ambayo mimi nisingekuwa nayo, alimtupia wali mara mojamoja.

Tabibu akafika mbio na mkoba wake, bado ana manyoya ndevuni. Sultani akamwita Ngwali, aliyekuwa ameufuata msafara ili amngoje tabibu, akamwambia mbele ya watu wote, "Ewe Ngwali, umenilisha karamu ambayo sitaisahau. Nimevunja mbiu yangu na nimelipa. Sasa wewe ndiwe waziri wangu wa hesabu. Niambie wagonjwa ni wangapi mji mzima, na tabibu aanzie wapi, kwa haki, mtaa baada ya mtaa."

Watu wakasogea wasikie atajibu mzaha gani. Lakini Ngwali alikuwa amechoka na mizaha, na machozi yalikuwa karibu.

"Maulana," akasema, "mimi ni mpumbavu, uwaziri siuwezi. Hesabu za mji wote sizijui. Watakuja wanaojua, wataingia nyumba kwa nyumba, watainua mapazia. Mimi najua kuhesabu hadi moja tu, naye amelala kule nyumbani, na tangu asubuhi hajanywa kitu. Nakusihi, tuanzie hapo."

Sultani akauchukua mkoba wa dawa kutoka bega la tabibu, akautia begani mwake juu ya joho la zari, akatangulia njia kwa miguu kuelekea nyumba ya Ngwali. Mize akapona, baada ya magome mengi machungu na lawama nyingi kuhusu masizi ya darini, na ngano hii nimeipokea kwa watu wa nyumba yake, nami nimewarudishia ninyi kama nilivyopewa.